Mjomba, hiyo simu inauzwa wapi?

Leo nina kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Mwaka jana mhariri alinikabidhi taarifa kwa vyombo vya habari iliyotoka kwenye taasisi moja ya utafiti huko Ulaya. Akasema, "Nipe maneno mia tatu kabla ya saa kumi." Taarifa ilihusu kihisi cha mwanga kilichotengenezwa kwa grafini, chenye uwezo wa kuona infraredi, yaani ile miale ambayo jicho la binadamu haliioni. Mezani nilikuwa na habari nyingine mbili, baraza la madiwani na ajali ya bodaboda. Nikaisoma mbio mbio. Nikakumbuka kwamba nilipokuwa sekondari niliwahi kusoma mahali kuhusu lenzi ya kuvaa jichoni itakayomwezesha mtu kuona gizani. Nikayachanganya hayo mawili, saa tisa na nusu nikakabidhi. Kesho yake gazeti likatoka na kichwa cha habari: "Simu yako sasa kuona gizani". Kichwa hicho sikukiandika mimi, kiliandikwa na wakubwa pale mezani. Lakini yaliyokuwa chini yake yalikuwa yangu, na hayakukipinga.

Asubuhi saa mbili simu ikaita. Mjomba wangu wa Kibaigwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mjomba, nimekusoma gazetini. Hiyo simu inauzwa wapi? Kariakoo ipo?"

Mjomba ni fundi umeme. Wanaoijua Kibaigwa wanajua soko lake la mahindi, na pembeni ya soko kuna mashine za kusaga na kukoboa. Mota za mashine hizo ndizo zinazomlisha. Kiungo cha waya kilicholegea hupata moto muda mrefu kabla hakijaungua, na njia yake ya kukitambua ni kusogeza mgongo wa kiganja karibu na bodi ya swichi na kusikilizia joto. Ndiyo, mkono, kwenye umeme wa njia tatu. Mwaka juzi kimoja kilimpita, bodi nzima ya mtu ikaungua katikati ya msimu wa mavuno, na deni lile hajamaliza kulipa. Sasa amesoma kwenye gazeti la mpwa wake kwamba kuna simu inayoona joto. Alikuwa tayari kuuza pikipiki.

Nikamwomba asiuze kitu. Nikakaa chini kusoma kile ambacho nilipaswa kukisoma kabla ya saa tisa na nusu ya siku ile.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba infraredi si kitu kimoja. Mwaka 1800 William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembetatu, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, pale ambapo macho yake hayakuona kitu, na kipimajoto kikapanda. Tangu siku hiyo jina moja limebebeshwa ukoo mzima. Jicho letu huona mawimbi ya nanometa 400 hadi 700 hivi. Kamera ya simu ni ya silikoni, na silikoni hufika karibu nanometa 1100, baada ya hapo ni kipofu. Kuanzia pale jicho linapoishia hadi 2500 hivi kuna infraredi ya jirani. Hii ina tabia kama za mwanga wa kawaida: lazima kuwe na jua au taa, nayo inapiga kitu na kurudi. Mbali zaidi, nanometa 8000 hadi 14000, ndiko vitu vya kawaida vinakong'aa vyenyewe, usiku na mchana, bila taa. Mwili wako unang'aa huko. Sufuria nayo, na mota ya mjomba vilevile. Ile bunduki ya kipimajoto tuliyoelekezewa kwenye paji la uso kila mlangoni mwaka 2020 ilikuwa inasoma huko.

Shikilia tofauti hiyo, maana ndiyo niliyoiua kwenye habari yangu.

Sasa grafini. Ni kaboni, tabaka moja la atomu na basi. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliitenga kwa kubandika na kubandua selotepu kwenye kinywe, yale madini tunayoyajua zaidi ndani ya penseli. Walitangaza mwaka 2004, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kinachowavutia watu wa vihisi ni kwamba grafini haichagui rangi. Silikoni ina kizingiti: mwanga wenye nguvu ndogo kuliko kizingiti hicho unapita kama haukuona kitu. Grafini haina kizingiti. Inameza mwanga unaoonekana, infraredi ya jirani, ya mbali, na kuendelea.

Lakini inameza kidogo. Tabaka moja hunyonya asilimia 2.3 tu ya mwanga unaolipiga. Kwa kitu chenye unene wa atomu moja hiyo ni miujiza, kwa kamera ni njaa. Tena kule kukosa kizingiti kunakoisifia ndiko kunakoiumbua, kwa sababu umeme unapita ndani yake hata gizani, na kihisi kinachopiga kelele gizani ni kama mlinzi anayebweka usiku kucha, utajuaje mwizi amekuja saa ngapi? Hii aya moja haikuwemo kwenye maneno yangu mia tatu. Wala haikuhitaji zaidi ya maneno mia.

Watafiti wamehangaika na tatizo hili kwa njia mbalimbali. Mwaka 2009 maabara ya IBM ilionyesha kihisi cha grafini chenye kasi ya kufuata mabadiliko ya mwanga bilioni 40 kwa sekunde. Kwa ajabu, ni mwaka uleule ambao mkonge wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa, na mwanga unaobeba data ndani ya nyaya zile ni infraredi ya jirani, nanometa 1550 hivi. Kwa hiyo soko la kasi lilikuwepo. Mwaka 2012 taasisi ya ICFO karibu na Barcelona ilikuja na ujanja nilioupenda sana. Juu ya grafini walipaka chembe ndogo mno za risasi na salfa, zile zinazoitwa nukta za kwantamu. Chembe ndizo zinazomeza mwanga, grafini inabaki kuwa barabara ya umeme. Fotoni moja ikimezwa, ni kama mtu amefungua bomba: chaji moja inanaswa kwenye chembe, na muda wote inaponaswa elektroni zinaendelea kumiminika kwenye grafini. Walipata elektroni milioni mia moja kwa fotoni moja. Ubaya wa bomba ni kwamba linachelewa kufunga, hivyo ukitaka kasi ya IBM hapa huipati. Na risasi ni sumu, jambo ambalo watengenezaji itabidi walijibu siku vifaa hivi vitakapozagaa.

Halafu ikaja ile lenzi. Machi 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha kazi yao: tabaka mbili za grafini zimetenganishwa na utando mwembamba usiopitisha umeme kirahisi. Mwanga ukipiga la juu, elektroni zinapenya hadi la chini, na zile chaji zilizoachwa juu zinabadilisha mkondo wa umeme wa chini. Ulifanya kazi kwenye joto la chumba, kuanzia mwanga unaoonekana hadi infraredi ya kati, na hilo halikuwa jambo dogo. Vihisi bora vya infraredi ya mbali, vile vya zebaki, kadimiamu na teluriamu vilivyobuniwa Uingereza mwaka 1959, kwa kawaida huhitaji kupoozwa kwa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Lakini wenyewe wakagusia kwamba siku moja kitu chembamba hivyo kingeweza kuwekwa kwenye lenzi ya jichoni au kwenye simu. Dunia nzima ya magazeti ikasahau tabaka mbili na utando, ikakumbuka lenzi tu. Mimi nikiwa mmojawapo, nikiwa bado na sare ya shule.

Hebu tuifikirie hiyo lenzi kidogo, kwa sababu hata akili ya kidato cha nne inatosha. Lenzi inakaa juu ya jicho lenye nyuzi 35 hivi. Kama kihisi kinaona joto la miili ya watu, basi kitu cha kwanza kitakachokiona ni jicho lenyewe, linawaka kama jiko nyuma yake. Ni sawa na kumtafuta mtu mwenye kibatari huku umejifunga taa ya gari kichwani. Halafu lenzi hizo zina maji, na maji yanaziba infraredi ya mbali vizuri tu. Na hata kihisi kikiona, nani atakipelekea jicho hiyo picha? Kihisi hutoa umeme, jicho linataka mwanga. Hapo katikati panahitajika betri, kompyuta na skrini. Maswali matatu, hakuna hata moja linalohitaji shahada. Hatukuyauliza kwa sababu picha ya mtu anayeona gizani ni tamu kuliko majibu yake.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mwaka huohuo wa 2014, bila grafini hata chembe, kampuni ya FLIR ya Marekani ilianza kuuza kidude cha kuchomeka kwenye simu kinachoonyesha picha za joto, dola 349. Ndani yake kuna bolomita, vijidaraja vidogo vinavyopata joto na kubadilisha ukinzani wa umeme. Wazo la bolomita ni la Samuel Langley, karibu mwaka 1880. Kwa hiyo jibu la swali la mjomba lilikuwa dukani tayari siku ile niliposoma kuhusu lenzi nikiwa mwanafunzi, na mimi miaka yote nikiwa naitazama lenzi.

Nilimpigia, nikamwambia: mjomba, unachotaka kipo, hakina uhusiano wowote na nilichoandika. Kipo cha Marekani na vipo vya Kichina vya bei ya chini zaidi. Akaniuliza kwa nini video yake inakatakata, maana alikwisha kuona moja kwa fundi wa kampuni ya simu. Hapo nikapata somo lingine. Kamera za joto zinahesabiwa pia kama vifaa vya vita. Marekani na nchi wenzake wa makubaliano ya Wassenaar huzibana kwenye sheria za kuuza nje, na zile zenye picha 9 kwa sekunde au chini ya hapo hupata nafuu. Ndiyo maana kidude kile kinatoa picha 8.7 kwa sekunde. Kimeundwa kiwe kizito makusudi. Kwa kiungo cha waya kilicholegea haina neno, waya haukimbii. Kwa askari wa wanyamapori anayefuatilia watu porini usiku ni habari nyingine. Kule Maasai Mara, WWF walipofunga kamera za joto mwaka 2016 walisaidia kukamata majangili, lakini hizo zilikuja na mradi na mfadhili, hazikununuliwa dukani.

Tena hata grafini ikigawiwa bure kesho, kamera ya joto bado ina lenzi yake. Kioo cha kawaida hakipitishi infraredi ya mbali, ndiyo maana mara nyingi lenzi hutengenezwa kwa jemaniamu, na China, mzalishaji mkubwa wa madini hayo, ilianza kuyadai vibali vya kusafirishwa nje Agosti 2023. Kihisi ni chumba kimoja cha nyumba. Sisi waandishi tunaonyeshwa chumba tunatangaza nyumba imekamilika.

Je, grafini ni porojo tu? Hapana, na hapa ndipo ninapotaka kugombana na wale waliosoma hadi hapa wakitabasamu. Mwaka 2017 watu walewale wa ICFO walichukua chipu ya silikoni ya kawaida, wakailaza grafini juu yake pamoja na chembe zile, wakapata kamera ya nukta 388 kwa 288 inayoona kuanzia nanometa 300 hadi 2000. Nukta laki moja na ushee, simu yako ya bei poa inaishinda kwa mbali. Lakini simu yako inaishia 1100. Kamera za kuvuka hapo zimekuwepo siku zote, zikitengenezwa kwa indiamu na galiamu, na kila kihisi kinabidi kioteshwe pembeni kisha kiunganishwe kwenye silikoni, ndiyo maana bei yake inafika maelfu mengi ya dola. Kulaza kitu moja kwa moja juu ya chipu ya kawaida ndiko kunakoweza kuivunja bei hiyo. Emberion, kampuni iliyochipuka kutoka Nokia mwaka 2016, imetoa kamera za namna hii zinazofika nanometa 2000. Mwaka 2020 ICFO nayo ikazaa kampuni, Qurv.

Kamera hizo hazitamwonyesha mjomba mota iliyopata moto, wala hazitakuonyesha mwizi gizani. Hazifiki huko. Zinaona infraredi ya jirani, na infraredi ya jirani inasema nini? Inasema maji yako wapi. Inasema plastiki hii si sawa na ile. Na inasema kitu kuhusu punje ya mahindi.

Mwaka 2004 Kenya ilipoteza watu 125 kwa sumukuvu, baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2016 ikatufikia sisi, mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, watu 20 wakafa. Sumukuvu haina harufu, haina ladha, na ndani ya gunia moja punje chache ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu. Mama anachambua kwa macho, anatoa zilizovunjika na zilizobadilika rangi, na anasaidia sana, lakini nyingine jicho halizioni. Huko Marekani, mwaka uleule wa 2004, watafiti walichapisha matokeo ya mashine ya kuchambua mahindi kwa kutumia mawimbi mawili tu, nanometa 750 na 1200, na sumukuvu ilipungua kwa wastani wa asilimia 80 hivi. Mwaka 2017 wengine wakachapisha kazi ya aina hiyo kwa mahindi ya Kenya, kwa kichambuzi kilichokusudiwa kuwa cha bei ndogo.

Angalia namba hizo mbili tena. 750, silikoni inaiona. 1200, silikoni haiioni. Nanometa mia moja tu nje ya uwezo wa simu iliyo mfukoni mwako. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa nayo mkononi siku ile nikaitupa, nikachukua ya kuona gizani. Msomaji wangu wa Kibaigwa analala juu ya magunia, mimi nampelekea paka.

Mtu ataniambia, Tanzania tuna kinywe tele, Mahenge na Ruangwa, tutafaidika tu grafini ikishika kasi. Nimeshasikia hoja hiyo kwenye semina, tena na chai ikinywewa. Jamani, vihisi hivi havitegemei penseli ya Manchester. Tangu mwaka 2009 njia kubwa ni kuotesha grafini juu ya karatasi ya shaba, kwa gesi ya methani, kwenye joto la nyuzi 1000 hivi. Kama ni kudai hisa, gesi ya Mtwara ina haki kuliko kinywe cha Mahenge. Na hata ingekuwa inatoka kwenye kinywe, grafini ina uzito wa miligramu 0.77 kwa mita ya mraba. Funika uwanja mzima wa mpira, umetumia gramu tano na nusu. Kinywe chetu kina soko lake kwenye betri, na huko ndiko tugombee bei. Kwenye vihisi nafasi yetu si ya kuuza udongo. Ni ya kusema tunataka kihisi kione nini. Wenzetu wa Ulaya walitenga euro bilioni moja kwa miaka kumi kuanzia 2013 kwa ajili ya grafini, na anayelipia kamera ndiye anayechagua itazame wapi. Chupa za plastiki za kiwanda cha Ujerumani zina msemaji wake. Sijaona tulipoweka msemaji wa gunia la mahindi, na nimeripoti bajeti mbili za kilimo.

Gazeti halikutoa masahihisho. Nilipoomba niliambiwa habari imeshapita, na kweli ilikuwa imepita, isipokuwa kwa mtu mmoja aliyekaribia kuuza pikipiki.

Mjomba alinunua kidude chake mwezi wa pili, kwa mkopo wa kikundi, pikipiki ipo. Wiki iliyopita alinitumia picha ya bodi ya swichi, nyaya zote zambarau isipokuwa kiungo kimoja cha njano kama yai. Halafu akanitumia picha nyingine, kiganja kimejaa punje, zote rangi moja. "Mjomba, mwenye mashine anauliza, hiki hakiwezi kuona mahindi mabovu?"

Nikamwambia hakiwezi, hicho kinaona joto, na punje mbovu ina joto sawa na nzima. Akauliza, sasa kinachoweza kiko wapi.